Kulwa, Doto na Mfupa wa Mbuzi

Ninyi mnaoanza kazi ya maabara leo, siri ya kwanza nawapa bila malipo. Katika hospitali yoyote ya huku kwetu, kuanzia Shinyanga hadi Geita, usifungue dirisha ukaita "Doto!" halafu ukanyamaza. Watasimama watano. Mmoja mzee mwenye fimbo, mmoja mama mjamzito, wawili wanafunzi, na wa tano wala si Doto, ni Kulwa aliyemsindikiza pacha wake, ila kwa kuwa ameshasimama atanyoosha mkono umtoe damu asionekane mwoga.

Huku majina ya mapacha hayatafutwi. Anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mtoto atakayezaliwa baada yao ni Shija, awe wa kike au wa kiume, hata akija baada ya miaka saba. Mimi ni mzaliwa wa Nyahanga, haya nimeyanyonya pamoja na maziwa ya mama. Hata hivyo, mwaka wangu wa pili kazini nilimpa Doto majibu ya Doto. Niliyempa alikuwa mchimbaji kutoka Rwamgasa, ndevu hadi kifuani, amekuja na homa. Akayapokea, akaenda kwa mtu wa kumsomea, akarudi baada ya nusu saa. Hakupandisha sauti. Aliiweka karatasi mezani akasema, "Dokta, malaria nakubali. Hii mimba hapana." Kwetu kila mwenye koti jeupe ni dokta, hata fundi wa friji akiliazima.

Mzee Bundala, aliyenilea kazini, hakunigombeza. Alinipa chupa hamsini tupu za sampuli na kalamu, akaniamuru niandike kwenye kila moja jina la mgonjwa, la baba, la babu, kijiji, umri na namba. Wagonjwa wenyewe hawakuwepo, ilinibidi niwatunge. Nilipofika wa thelathini nilikuwa nimeishiwa wajomba, nikaanza kuandika majina ya ng'ombe wa babu yangu.

"Jina alipewa na mama yake, aitwe akale ugali," Mzee Bundala aliniambia. "Wewe shika namba."

Siku zile hadubini yetu ilitumia kioo cha kunasia mwanga wa jua. Wingu likipita, kazi inasimama, na mimi nilikuwa mtu wa pupa, naguna na kubadilisha miguu. "Damu haina haraka," Mzee Bundala alikuwa akisema huku akimenya karanga. "Mwenye haraka ni wewe." Nilidhani anasema hivyo kwa uvivu. Alikuwa mvivu kweli, lakini hilo halikulifanya neno lake kuwa la uongo. Na hizo karanga ndani ya maabara, naomba msimwige.

Sasa niwaambie habari ya Doto mmoja tu kati ya wale wengi, maana kwake ndiko nilikofanya kosa langu kubwa kuliko yote. Lile la mchimbaji mjamzito lilikuwa la kujifunzia.

Aliletwa akiwa na mwaka mmoja na nusu, vidole vya mikono na miguu vimevimba, hataki kuguswa. Mama yake alikuwa mkulima wa mpunga kutoka Kharumwa, mwanamke mpole asiyejibu neno kabla ya kulifikiri. Mkono huu amembeba Doto analia, mkono huu amembeba Kulwa, mnene, mchangamfu, anajaribu kula kitambulisho changu. Gauni moja, kofia moja, sura moja. Baadaye nilizoea kuwatofautisha kwa macho, ya Doto yalikuwa ya njano.

Vipimo vya haraka vilikuwa vimeisha stoo, nikarudi kwenye njia ya kizamani: tone la damu kwenye kioo, tone la dawa ya kuinyima hewa, kifuniko chembamba juu, kingo nikaziba kwa nta ya mshumaa, kisha nikasubiri kama nilivyofundishwa. Chembe za damu za mtu mwenye afya hubaki duara. Za Doto zilijikunja moja baada ya nyingine, ncha huku na ncha huku, mundu mtupu. Selimundu. Nikapima na kundi lake la damu, nikapata B. Nikarudia, nikapata B. Tangu yule mchimbaji mimi hurudia kila kitu. Nikaandika B kwenye kadi yake na kuipigia mistari miwili chini kwa majivuno.

Mtoto huyo alikulia kwenye korido yetu. Maumivu ya mifupa, kulazwa, kuongezewa damu, kuruhusiwa, kurudi. Alipofika miaka mitano alikuwa ananichagulia kidole mwenyewe. "Leo zamu ya huyu," anasema, "yule bado anauma." Mimi si mtu wa kupenda wagonjwa hovyo, kazi haiendi ukifanya hivyo, lakini yule nilimpenda.

Akiwa darasa la tatu aliamka asubuhi mkono wa kushoto haujui kushika kikombe na mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Mtu akisikia neno hilo anamfikiria mzee mwenye presha, lakini chembe zenye umbo la mundu zikisongamana kwenye mishipa ya kichwani hazimuulizi mtu umri. Alipata nafuu, akawa anatembea akiburuta mguu. Daktari wetu alimwita Mama Kulwa akamweleza bila kuzunguka: kingine kinaweza kuja, na kinaweza kuondoka naye. Kisha akamwambia kwamba siku hizi Dodoma wanapandikiza uloto, na kwamba kwa mtoto aliyekwisha kupata kiharusi hiyo ndiyo njia ya kufikiria.

Najua mmesoma haya chuoni, ila mtatakiwa kumweleza mtu aliyetoka kupalilia, kwa hiyo chukueni maneno yangu. Ndani ya mifupa kuna kitu laini, uloto, na hicho ndicho jiko la damu. Jiko la Doto lilikuwa na mpishi anayeharibu kila anachopika. Dawa za kila siku ni kumsihi mpishi ajitahidi. Kuongezewa damu ni kuomba chakula kwa jirani. Upandikizaji ni kumfukuza mpishi. Dawa kali zinaua uloto wa zamani, kisha anaingiziwa uloto wa mtu mwingine kupitia mshipa, kama anayeongezewa damu, nazo zile chembe hujitafutia njia zenyewe hadi ndani ya mifupa na kuanza kupika. Mgonjwa hapasuliwi popote. Wengi huvunjika moyo wakisikia hivyo, walitegemea operesheni.

Wenye saratani ya damu nao, baadhi yao, hutibiwa kwa njia hiyo, na wale ambao uloto wao umegoma kabisa. Nilipoanza kazi, nikiona slaidi ya saratani ya damu niliandika majibu, nikafunika kalamu, nikaenda kunywa chai nisiyoisikia ladha. Sasa wengine wana pa kwenda. Lakini msimwambie mtu kwamba ni muujiza. Kati ya siku mpishi wa zamani anapofukuzwa na siku mgeni anapozoea jiko, mwili hauna ulinzi, mafua tu yanaweza kuua. Na mpishi mgeni akiwa halingani na nyumba, anaweza kumgeukia mwenye nyumba. Ndiyo maana anatafutwa mtu anayelingana na mgonjwa, na wa kwanza kutazamwa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na akili zangu.

Daktari aliandika wapimwe wote wawili, Kulwa na mdogo wao Shija. Mimi nikamshawishi aachane na Shija. Nikamwambia vifaa vya sampuli ya kupeleka Dodoma viko seti mbili, moja ya Doto na moja ya Kulwa, na tena Shija wa nini wakati mgonjwa ana pacha? Daktari alikuwa kijana, mimi nilikuwa na mvi, akanyamaza. Nikamgeukia mama yao.

"Mama Kulwa, una bahati. Hawa wana kitu kimoja, tazama sura. Kulwa ndiye atakayempa."

Mama Kulwa alilia, akanishika mikono yote miwili. "Wabeja, dokta. Wabeja sana." Nami nikapokea shukrani hizo kama mtu aliyestahili.

Kabla ya kutuma sampuli nilimpima Kulwa damu yake yote, nikaona jambo la ajabu. Chembe nyekundu kubwa kupita kawaida, chembe nyeupe pungufu. Kwa mtoto anayeruka kamba nje ya dirisha langu. Picha hiyo nilikuwa naijua, ni ya mtu anayemeza dawa ya selimundu. Nikamwita mama yake.

"Kulwa anameza dawa gani?"

"Za Doto."

"Za Doto anameza Kulwa?"

"Wanapokezana. Leo Doto, kesho Kulwa." Alinishangaa. "Ni mapacha hao, dokta. Ukimpa mmoja ukamwacha mwenziwe, si unamtafutia balaa?"

Wanangu, mimi nililijua hilo. Baba zangu wadogo walikuwa mapacha. Mmoja akinunuliwa shati, yananunuliwa mawili. Mmoja alipochapwa shuleni, mwenzake alikwenda mbele mwenyewe akainama. Lakini nilipovaa koti jeupe nilijifanya mambo hayo yamebaki getini. Miaka yote ile tuliandika dawa ya mtoto mmoja, ikaliwa na watoto wawili, Doto akawa anapata nusu, Kulwa akawa anameza asichokihitaji, na hatukuwa na hata mmoja aliyeuliza, "Mama, nyumbani mnafanyaje?" Yule mama hakudanganya kamwe. Alijibu mara ya kwanza tu alipoulizwa.

Tukamsimamisha Kulwa dawa, nikasifiwa kwenye kikao cha asubuhi, na kwa wiki nzima nilitembea kifua mbele. Nilikuwa nimefurahia ujanja wangu kiasi kwamba sikuona kilichokuwa mezani kwangu.

Majibu yalichukua miezi miwili na ushei. Kulwa halingani na Doto.

Nilikwenda Kahama mjini kwa Mzee Bundala, amestaafu, macho hayaoni vizuri, karanga bado zipo. Nikamweleza kwamba Dodoma lazima wamechanganya sampuli, maana pacha halingani na pacha, na sura ni moja.

"Kulwa anaumwa selimundu?" aliniuliza.

"Haumwi."

"Basi?"

Ndipo nikaliona. Wangekuwa wametoka yai moja, Kulwa naye angeumwa, na uloto wake usingefaa kitu, ungekuwa ni kumfukuza mpishi na kumleta pacha wake. Na kwa kuwa haumwi, basi ni mayai mawili, ni ndugu kama ndugu wengine wowote, nafasi yake ya kulingana ni robo, sawa na ya yule mdogo wao niliyekataa apimwe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona hilo. Mimi nilikuwa nimetazama sura.

"Halafu ukasema Dodoma wamekosea," Mzee Bundala akasema, akanisogezea karanga.

Katika miezi ile ile niliyoipoteza, kiharusi cha pili kilikuja. Siku tatu Doto hakuweza kusema. Nilikwenda kumtoa damu akaniinulia kidole cha shahada, zamu ya huyu, bila sauti. Nilimaliza kazi, nikaingia stoo, nikalia kati ya maboksi ya glovu. Siwaambii hili ili mnihurumie. Nawaambia ili siku mtakapokuwa na mvi mkimwona kijana anataka kusema kitu akanyamaza, mmwulize.

Doto aliporudiwa na sauti nilimkalisha Mama Kulwa kwenye benchi nje ya maabara. "Nilikosea," nikamwambia. Ni neno moja tu, lakini lilinichukua wiki nzima kulitamka. Hakunilaumu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Sasa tunafanyaje?" akauliza.

"Nileteeni Shija."

"Shija?" Akafikiri, kama kawaida yake. "Shija yuko kwenye mpunga, anafukuza ndege."

Shija alikuwa na miaka sita, matope magotini, na gauni ambalo nililifahamu. Mtoto anayewafuata mapacha hurithi nguo mbili za aina moja. Akimaliza la Kulwa anaanza la Doto, kwa hiyo Shija alikuwa amevaa gauni lile lile la maua ya bluu tangu alipojua kusimama. Nilipomwambia atoe mkono aligeuka kutazama nyuma yake, akidhani naongea na mwingine.

Vifaa vipya vilipoletwa, sampuli zake zilisafiri kwa basi kama zile za kwanza, ndani ya sanduku la barafu. Hapo nami nina la kuwafundisha. Zamani niliandika juu ya sanduku "Damu ya binadamu", kondakta akaliteremsha Nzega na kukataa kurudi karibu nalo. Safari iliyofuata nikaandika "Samaki", abiria watatu wakataka kununua. Andikeni "Sampuli". Hakuna mtu anayetaka sampuli.

Majibu yakarudi. Nilimwita daktari ayasome kwa sauti, maana macho yangu sikuyaamini tena. Shija analingana kabisa, na selimundu hana. Kundi lake la damu ni O, tofauti na la dada yake, lakini hilo halizuii.

Mkidhani habari imekwisha hapo, hamjawahi kuomba ridhaa ya familia. Baba Kulwa alikuja kutoka Rwamgasa na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Ni mchimbaji mdogo, maisha yake yote yako ndani ya duara, ndivyo huku tunavyoliita shimo la dhahabu. Alisikiliza maelezo yote ameinamisha kichwa.

"Wanaingilia wapi?" akauliza.

"Kwenye nyonga, kwa nyuma. Anapewa dawa ya usingizi, sindano nene inaingia kwenye mfupa, wanavuta."

"Wanavuta mpaka wapi?"

"Kiasi tu."

"Kiasi tu ndivyo tunavyosema na sisi." Aliinua kichwa. "Dokta, ukitoa sana bila kuweka magogo, duara linashuka. Nimefukua wenzangu kwa mikono hii. Mmoja wangu anaumwa, mwingine kameza dawa zisizo zake, huyu ndiye aliyebaki mzima. Msije mkamfukia."

Nilitaka kucheka, nikajizuia, maana yule mtu hakuwa anatania. Alikuwa anauliza swali ambalo kila mzazi analo: nimtie mzima hatarini kwa ajili ya mgonjwa? Nikamjibu kwa ukweli niliokuwa nao. Dawa ya usingizi ina hatari yake, ndogo. Nyonga itauma siku kadhaa. Lakini uloto unarudi. Baada ya wiki chache mfupa umejaa tena.

"Linajijaza lenyewe?"

"Lenyewe."

Alipangusa vumbi kwenye nyusi. "Miaka kumi na minne niko Rwamgasa," akasema, "kumbe nachimba pasipofaa." Akatia saini.

Shija naye tulimuuliza, kwa sababu uloto ni wake. Aliuliza kama itauma, nikasema ndiyo. Aliuliza kama Kulwa naye watamchoma.

"Hapana. Wewe tu."

"Mimi peke yangu?"

"Peke yako."

Akauliza mara ya pili, halafu ya tatu, nikaona anatabasamu. Katika nyumba ile hakuna kitu kilichowahi kuwa cha Shija peke yake.

Akabaki bibi yao, mama yake Baba Kulwa. Alifika siku ya kuaga, amejifunga vitenge viwili. Nikamsalimia "Mwangaluka, mayu," akaitikia, akakaa, akasikiliza daktari akieleza kwa dakika kumi na tano, kwa michoro.

"Nimesikia," akasema. "Doto mnampa kitu kikubwa. Kulwa mnampa nini?"

Daktari akaeleza tena kwamba Kulwa haumwi.

"Nimesikia. Kulwa mnampa nini?"

Mama Kulwa akaweka begi chini. Nikaelewa kwamba bila jibu la swali hilo begi halipandi basi, na Dodoma walikuwa wametupa tarehe. Shetani akanijia: mtundikie Kulwa dripu ya maji ya chumvi, useme ni yenyewe. Nikamnong'oneza daktari. Yule kijana akatikisa kichwa kukataa, na safari hii nilishukuru kwamba hakunikubalia.

Bibi akaendelea. "Huo uloto ni kitu gani hasa?"

"Ni kile cha ndani ya mfupa, mayu. Kile kilaini."

"Kile tunachogonga mfupa tukafyonza?"

"Hicho hicho, ila cha mtu."

"Sasa si mngesema tangu asubuhi!" Akasimama, akajifunga kitenge upya. "Nendeni. Siku mtakayompa Doto, mnipigie saa ile ile. Na mimi nitampa Kulwa."

Kwa hiyo chukueni hili kwa utafiti wenu: upandikizaji ule ulifanyika mahali pawili. Saa nne asubuhi Mama Kulwa alipiga simu kutoka Dodoma akasema, "Wameanza. Ni kamfuko kadogo, dokta. Ndiyo hako tu?" Mimi nilikuwa Kharumwa, nimeomba ruhusa ya siku moja kazini kwa sababu za kitaalamu. Bibi aliweka mguu wa mbuzi kwenye jiwe, akaugonga mara moja, akampa Kulwa. Kulwa akafyonza mpaka mfupa ukapiga mluzi. Bibi akamfuta mdomo na kusema sasa wako sawa. Mimi nikapewa mbavu, na sikuzikataa.

Siku zilizofuata sikupenda kucheka. Doto alikaa kwenye chumba ambacho hata mama yake aliingia kwa kunawa na kuvaa barakoa. Nywele zilinyonyoka, mdomo ulijaa vidonda, chembe nyeupe zilishuka hadi karibu na sifuri. Kulwa aliposikia habari ya nywele alidai anyolewe, na bibi akamnyoa. Kila jioni Mama Kulwa alinisomea kwa simu tarakimu ambazo hakuzielewa. "Leo wamesema sifuri nukta moja." "Leo vilevile." "Leo vilevile." Mimi nilizielewa, na nilitamani nisingezielewa. Nilijua kwamba mpishi wa zamani ameondoka na mgeni hajafika, na kwamba ningemsikiliza daktari tangu mwanzo, tungeanza mtoto akiwa na nguvu zaidi. Wiki ya tatu ikaingia. Jioni moja akasema, "Leo wamesema sifuri nukta sita, na nesi anacheka. Ni nzuri?"

Nilimpa simu mume wangu amwambie ndiyo, ni nzuri.

Walirudi baada ya miezi mingi, maana hata ukitoka chumbani hawakuachi uende mbali. Mguu bado unaburuta kidogo, kile kilichopotea kwenye kiharusi uloto haukirudishi. Chanjo za utotoni alianza upya zote. Kama atapata watoto wake mwenyewe hatujui, dawa zile ni kali, na mama yake aliambiwa hilo kabla. Lakini macho ni meupe, na tangu hapo hajalazwa kwa maumivu. Nyumbani nasikia wanagombana kama watoto wengine, isipokuwa Shija amepata silaha. Doto akimchokoza anamwambia, "Endelea. Nitachukua damu yangu."

Nilistaafu mwaka uliofuata. Waliniaga kwa keki na saa ya ukutani, mtu asiye na pa kuwahi.

Mwezi uliopita simu ikalia, ni kijana mpya wa maabara, Elisha, amehamishiwa hapa kutoka kusini.

"Shikamoo, Mama Kabula."

"Marahaba."

"Samahani mama, sijui nisemeje. Kuna kosa lako hapa." Nikasikia akipekua makaratasi. "Kuna mtoto amekuja kupimwa, Doto. Nilipoita walisimama wanne, nikachukua namba. Kadi yake ya zamani ina mwandiko wako, umeandika B, umepigia mistari miwili. Mimi napata O. Nimerudia mara tatu. Na kadi inasema selimundu, nimetafuta, sioni hata mundu mmoja. Mama, huyu mtoto mlikuwa mnamtibu nini miaka yote?"

Nilikuwa nachambua mchele. Nikaweka ungo chini.

"Mama yake yuko wapi?"

"Ameenda kununua maji, faili la Dodoma analo yeye. Hapa yupo na mdogo wake, naye ananisumbua. Kila nikishika chupa anasema hiyo damu ni yake. Nimemwambia akae asubiri zamu."

Elisha hakuniamini mimi, hakuiamini kadi, alirudia mara tatu. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye mchele.

"Usifute ile B," nikamwambia. "Ipige mstari mmoja, isomeke. Ilikuwa kweli siku ile. Pembeni andika O, tarehe, na upandikizaji wa uloto. Halafu andika jina la mwenye damu."

"Doto nani, mama?"

"Si Doto. Mwite huyo uliyemwambia asubiri zamu. Shija, jina la baba, jina la babu, Kharumwa. Na umpe namba yake."